Mchungaji, kusema nimechoka ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mi ni mama wa watoto watatu, mume wangu alipunguzwa kazini mwaka jana mpaka leo hajapata kitu, alafu mimi mwenyewe nikaambiwa nina sukari. Mkesha wa mwaka mpya tulitamkiwa kwamba huu ni mwaka wa mpenyo, nikaamini kabisa, ila miezi inakatika tu. Kwenye kikundi cha maombi nikisema nimechoka naambiwa niache kukiri kushindwa, na kliniki nimeacha kwenda mana wamesema kumeza dawa ni kuukubali ugonjwa. Mchana nakazana kutabasamu, usiku nalia. Nifanyeje niwe na matumaini kama wakristo wenzangu?

JIBU: Amina mama. Kabla sijafungua Biblia, nakuomba sana urudi kliniki, kesho asubuhi, usisubiri wiki ijayo. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu na Paulo anamwita tabibu mpendwa, Wakolosai 4:14. Dawa unameza na maombi unaomba, vyote viwili.

Sasa tuje kwenye tumaini. Mstari waliokupa bila shaka ni Yeremia 29:11, mana ndo uko kila mahali, kwenye kalenda, kwenye kioo cha daladala, kwenye stetasi za watu, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani atupe tumaini. Ni kweli kabisa na mi naushikilia. Shida tunauchomoa peke yake. Ule mstari umetoka kwenye barua, Yeremia aliwaandikia watu waliopelekwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 kabla ya Kristo, na mstari wa 10, wa juu yake tu, unawaambia ni mpaka miaka 70 itimie. Yani mtu wa miaka 40 akisomewa barua ile anaelewa kabisa kwamba mimi nafia huku huku. Na hao ndo walioambiwa wana tumaini.

Rudi nyuma sura moja, ile ya 28, sijui kwa nini haihubiriwi. Kuna nabii anaitwa Hanania wa Gibeoni, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba miaka miwili tu, nira ya Babeli inavunjika, vyombo vya hekalu vinarudi, mateka wote wanarudi. Yeremia akamjibu Amina, Bwana na afanye hivyo. Hapo mi huwa nasimama kidogo, mana huyu Yeremia tunayemwona mtu wa mabaya tu alitamani kabisa ile miaka miwili iwe kweli, ila hakuwa tayari kuwapa watu tarehe ambayo Mungu hajaitoa. Hanania akachukua nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kuwaonyesha watu kwamba watamtumikia mfalme wa Babeli, akaivunja watu wakiona, na mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Kwa hiyo mama, anayekuziba mdomo usiseme umechoka anakupa tumaini la Hanania. Yeremia aliitaja hali yote ilivyo, alafu akawaambia jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae, uombeeni huo mji. Na Paulo mwenyewe kwenye 2 Wakorintho 1:8 anasema walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi, aliandikia kanisa zima hayo maneno wala hakuna aliyemwambia anakiri kushindwa. Zaburi ya 88 ni kilio mwanzo mwisho, inaishia gizani, na Mungu ameiacha ikae humohumo kwenye Neno lake. Ukilia usiku ukiwa unamlilia yeye, hayo ni maombi.

Ninayoipenda kuliko zote ni sura ya 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia kafungwa kwenye uwanja wa walinzi, ndo Hanameli mtoto wa ami yake anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Nani ananunua shamba wakati wa vita? Yeye ananunua, anapima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, hati anapewa Baruku, mwandishi wake, aiweke kwenye chombo cha udongo idumu siku nyingi. Akimaliza anaomba, na ukisoma ile sala yake unaona bado hajaelewa, anamwambia Mungu mji huu unaingia mikononi mwa Wakaldayo, ndo hao Wababeli, na wewe umeniambia ninunue shamba. Maswali anayo na hati ameshasaini. Na sisi tunalo tumaini kubwa zaidi ya alilokuwa nalo yeye, tunajua Yesu alifufuka.

Kwa nyumba yako naona hivi. Kliniki ni shamba lako, nenda hata kama maswali bado unayo. Baba watoto naye kaa naye jioni, umwambie ukweli kwamba unaogopa, mana wanaume wengi wakikosa kazi wanajifungia wakidhani ni wao peke yao ndo wanaogopa, alafu someni pamoja hizo sura tatu, 28, 29 na 32. Kwenye kikundi usigombane na mtu, tafuta mama mmoja tu mwenye kifua akuombee kwa hali halisi uliyonayo. Na ukishapima sukari nitumie mesenji uniambie imesoma ngapi.