Fungua nyumba kabla ya kufungua zabuni

Nilipohamishiwa Idara ya Milki ya chuo kimoja cha umma, faili la kwanza kutua mezani kwangu lilikuwa la nyumba 3 kuukuu za shamba la mkonge. Enzi za shamba waliishi humo meneja, mhasibu na injinia wa kiwanda. Chuo kilipopewa eneo lile, uongozi ukaamua zigeuzwe kituo cha mikutano: ukumbi, vyumba vya vikao na malazi ya wageni. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Nikabeba futi kamba, nikapima kuta za nyumba mbili za kwanza, nikahesabu milango na madirisha, nikaandaa BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake ambayo mkandarasi huijazia bei, kwa siku 4. Zabuni ikatangazwa, mkandarasi akapatikana, akakabidhiwa saiti.

Wiki ya pili fundi seremala akanipigia simu. "Injinia, njoo uone mwenyewe." Nikapanda ngazi hadi juu ya dari. Akachukua bisibisi, akaielekeza kwenye ubao uliolala juu ya ukuta, ule unaobeba kenchi, yaani fremu za mbao zinazoshikilia paa. Hakugonga, alisukuma tu kwa kiganja. Ikazama hadi kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia, na mchwa wawili watatu wakaanza kuhangaika kwenye mwanga. Upande wa chini, dari ile ile ilikuwa nyeupe safi. Katika BOQ yangu niliandika "kubadilisha mabati na kupaka rangi dari". Neno kenchi halikuwemo hata mara moja.

Yaliyofuata yaliniumiza kwa miezi. Kazi ya nyongeza ilihitaji barua, kikao, kibali, kikao kingine. Mabati yalikuwa yameshateremshwa, masika yakaingia, turubai likapasuka, na lipu iliyokuwa nzima tangu enzi za ukoloni ikamomonyoka vipande vipande. Mkandarasi alidai fidia ya muda, na kwa haki alistahili.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa idara za milki: tengeni fedha za kuichunguza nyumba kwanza, kama kazi inayojitegemea, kabla ya kuandika mstari mmoja wa zabuni. Toboeni dari pembeni pembeni, hasa chini ya mabonde ya paa ambako maji hukusanyika. Ng'oeni mbao chache za sakafu. Kwangueni lipu hadi mwonane na tofali. Funueni shimo la choo. Fungueni boksi la umeme muone nyaya zilizofunikwa mpira unaokatika mkononi, zilizowekwa kwa ajili ya taa na redio, wala si viyoyozi na projekta. Fundi seremala, fundi umeme na fundi bomba wazuri, kwa siku chache tu, watawaambia mengi kuliko michoro. Leo zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali ya Tanzania wa ununuzi kwa mtandao, nao umetusaidia sana kwa uwazi, ila mfumo hupokea kile mlichoandika. Mkiandika dari, mtaletewa bei ya dari.

Na hata mkichunguza, vitabaki vilivyojificha. Kwa hivyo wekeni ndani ya BOQ vipimo vya kukadiria vyenye bei: mita kadhaa za mbao za kenchi, mita za mraba za lipu, ili mkandarasi ataje bei yake wakati bado anashindana na wenzake. Bei inayotajwa paa likiwa wazi na mawingu yakikusanyika ni bei nyingine kabisa.

Kuna jambo wakubwa zetu hawapendi kulisikia, nami nitalisema. Sebule ya meneja si ukumbi. Kwa viwango vya Uingereza tulivyorithi, sakafu ya nyumba ya kuishi hukokotolewa kubeba kilonewtoni 1.5, yaani uzito wa kama kilo 150, kwa kila mita ya mraba. Ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni unahitaji 4, na usiokuwa navyo unahitaji 5. Ghorofa ya mbao iliyobeba familia kwa miaka 70 bila kulia inaweza kuanguka siku ya ufunguzi, watu 60 wakisimama pamoja kupiga makofi. Shimo la choo nalo lilichimbwa kwa familia moja. Mlango unafunguka kwa ndani, na uko mmoja tu. Waiteni Zimamoto michoro ikiwa bado ya penseli, msingoje siku ya ukaguzi.

Ushauri wangu ni kuiacha nyumba iwe nyumba. Mazumbai, kule Usambara Magharibi, nyumba ya familia ya Kiswisi ya Tanner ilitolewa kwa chuo kikuu pamoja na msitu wake mwishoni mwa miaka ya 1960, na sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hupokea watafiti na wanafunzi kama wageni wa nyumbani, kazi ambayo nyumba inaijua. Vyumba vya kulala vibaki malazi, chumba cha kulia kiwe cha vikao vya watu 12, na ukumbi wa watu wengi ujengwe mpya kando, chini ya miti.

Kuhusu kuta: nyingi za nyumba hizi zilijengwa kwa chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, na baada ya mvua moja au mbili rangi inavimba kama malengelenge. Andikeni chokaa kwenye mkataba, kwa jina. Na mkikuta paa la asbesto lisivunjwe kwa nyundo, hata kipande. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Paa lenyewe linaloweshwa kwa maji, linafunguliwa zima zima na watu wenye vifaa vya kujikinga, kisha linazikwa mahali palipoidhinishwa.

Halafu kalenda. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai. Mkianza uchunguzi Julai, mtasaini mkataba Februari na kuezua paa Machi, mvua ikibisha hodi. Uchunguzi na BOQ vikamilike mwaka wa fedha unaotangulia, paa lifunguliwe na kufungwa kabla ya vuli.

Nyumba ya tatu tuliifanya hivyo. Kabla ya yote nilikwenda kukaa na mlinzi, mzee aliyekulia kambini hapo baba yake akiwa mkata mkonge. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba ukuta wa nyuma unalowa na hatujui kwa nini. "Mwanangu," akasema, "mfereji mmeufukia wenyewe." Akaenda nyuma ya jiko, akahesabu hatua kutoka kwenye mwembe, akachora mstari kwa fimbo. Vijana walichimba kama futi mbili, jembe likagonga tofali. Ulikuwa mfereji mzima, umejengwa vizuri, umejaa udongo na mizizi ya mwembe. Tuliusafisha kwa siku 3. Kwenye BOQ nilikuwa nimeanza kuandika kazi ya kuvunja ukuta ule na kuujenga upya. Nikaifuta, nikaandika "kusafisha mfereji", na masika yaliyofuata nilikwenda mwenyewe kuupapasa ukuta kwa kiganja. Ulikuwa mkavu.