Upasuaji au kawaida? Kwanza nipeni faili langu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanamke aliyepata taabu kwenye uzazi wa kwanza, wa pili apange upasuaji au ajaribu tena njia ya kawaida? Nina mimba ya pili, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mdomoni: upasuaji, upangiwe tarehe, uingie ukitembea kwa miguu yako. Leba nimeionja mara moja, yatosha. Lakini kadiri ninavyolisoma swali lenu naona limeruka hatua. Kabla ya kumuuliza apange nini, muulizeni kama anajua kilichompata mara ya kwanza. Wengi wetu hatujui. Tunajua tulichokisikia tukiwa tumelala chali, na tulichosimuliwa na ndugu baadaye.

Mimi nilitoka na sentensi moja: "Huyu kashindwa kusukuma." Aliitamka mtu wa zamu kitanda changu kikikimbizwa chumba cha upasuaji, na wala hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akimwambia mwenzake. Nikaishi nayo. Mama mkwe akiuliza, nilishindwa kusukuma. Mume wangu alipoanza kugusia mtoto wa pili, nikamjibu kwamba nyonga zangu si za kuzaa. Nani alizipima? Hakuna.

Mkunga wa kliniki ndiye aliyenituma nikaombe faili. Masjala walinizungusha, mnawajua masjala, mwishowe likapatikana. Mkunga akapita karatasi za dawa bila kuziangalia, akachomoa patografu, chati ya kufuatilia leba, akaigeuza inielekee. "Mama, leba yako yote iko hapa."

Ni karatasi ya mirabaraba yenye mistari miwili ya mshazari iliyochapwa: wa tahadhari, halafu wa kuchukua hatua, uliowekwa saa nne mbele yake. Alama za X zinaonyesha njia inavyofunguka, kwa sentimita. Zangu zilianza vizuri, zikapanda na mstari wa kwanza: nne, tano, saba. Kisha saba tena. Na tena saba, safari hii kwa wino mweusi, maana zamu ilikuwa imebadilika. Juu yake vidoti vya mapigo ya moyo wa mtoto, vilivyokuwa vikienda sawasawa, vikaanza kuporomoka. Pembeni mtu ameandika kwa haraka, herufi zimelaliana, kwamba kisogo cha mtoto kiko nyuma. Sikuelewa. Mkunga akakunja ngumi, akaiweka kwenye kiganja cha mkono wa pili, akaizungusha polepole. Mtoto anatakiwa ashuke akitazama mgongo wa mama. Wangu alikuwa ametazama tumbo, kwa hiyo kichwa kilikuwa kikija kwa upande wake mpana. Halafu akagonga ile saba ya mwisho kwa ukucha. "Mama anasukuma njia ikifika kumi. Wewe ungesukuma nini hapa? Kusukuma kwenyewe hukufika."

Nilimwomba arudie. Akarudia, na ngumi tena. Nadhani nilimchosha, kulikuwa na foleni nje.

Upasuaji wenyewe siulaumu. Moyo wa mtoto ukishuka vile hakuna cha kusubiri, na mwanangu yuko hai anakimbia. Ninachokilaumu ni kwamba hakuna aliyekuja kitandani kesho yake akanieleza sababu. Mkunga akaniambia pia kwamba ile hesabu ya njia kufunguka sentimita moja kila saa, iliyochora ule mstari wa tahadhari, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2018 isitumike peke yake kumhukumu mama. Mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia leba usio na mstari huo.

Sasa hapo ndipo jibu langu lilipoanza kulegea. Mtoto kukaa vibaya ni habari ya mimba ile, si lazima ijirudie. Nyonga iliyothibitika kuwa nyembamba ni habari nyingine. Kati ya wanaojaribu kawaida baada ya upasuaji mmoja, takriban watatu katika wanne hufanikiwa. Kwa mtu wa aina yangu, ambaye leba ilikwama na hajawahi kuzaa kawaida, nafasi hupungua. Kovu la kizazi kufumuka wakati wa uchungu hutokea kwa takriban mmoja kati ya 200. Ni wachache, ila likifumuka zinahesabiwa dakika, kwa hiyo usinijaribie mahali ambapo chumba cha upasuaji kinafungwa usiku au damu inafuatwa mbali. Upande wa pili, kila upasuaji unaoongezeka unaongeza hatari ya kondo la nyuma kujishika kwenye kovu na kugoma kutoka. Anayetaka watoto wanne alipigie hesabu hilo. Na wote tuachanishe mimba: ushauri ni angalau miezi 24 kati ya kujifungua na kushika mimba nyingine.

Kwa hiyo, Mhariri, nilikaa kuandika upasuaji na ninaandika kwamba nitajaribu kawaida. Nimeshamuuliza daktari kuhusu dripu ya uchungu, maana kwa mwenye kovu inaongeza hatari. Na tarehe ya upasuaji nimeomba iwekwe palepale, uchungu usipoanza wenyewe. Mume wangu anasema huko si kuamua. Sawa, aje azae yeye.

Ila msinichukue kuwa kielelezo. Anayeamka usiku akitokwa jasho kwa kukumbuka leba, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuomba upasuaji, na asichekwe. Na jambo moja msilipuuze: kovu la ngozi halikwambii kizazi kilikatwa vipi. Hilo limo kwenye faili. Ukikuta mkato wa kizazi ulikuwa wa wima, kwenda hadi juu, haya yangu hayakuhusu. Wewe ni upasuaji, na upangwe kabla uchungu haujaanza.