Ankara yangu imelala kwa nani?

Swali: Shikamoo Mama Hesabu. Natafsiri Kijerumani nikiwa nyumbani, Soweto, Moshi. Wateja wangu ni kampuni tatu za utalii za Arusha na mchapishaji mmoja wa Ujerumani. Ankara naziandika kwenye Word na kuzituma WhatsApp, lakini malipo yanachukua hata miezi miwili. Rafiki yangu anasema nilipie programu ya ankara ya mtandaoni, ya dola kila mwezi. Nilipie? Na ankara hiyo inatosha mbele ya TRA? *Mtafsiri, Moshi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usilipie. Kwa wateja wanne Zoho Invoice inakutosha, nayo ni ya bure. Invoice Ninja pia ina kifurushi cha bure. Zote zinafanya kazi kwenye simu.

Ila Word iache, tena leo. Mwaka 2017 nilikuwa na duka la uchapaji Kaloleni, hapa Arusha. Shule moja niliipelekea kazi mbili ndani ya muhula mmoja. Ankara ya pili nilinakili ile ya kwanza, nikabadili tarehe na kiasi, nikasahau namba. Zote zikasomeka 014. Mhasibu akalipa moja, na juu ya ya pili akaandika kwa kalamu nyekundu: "Imeshalipwa". Shilingi 380,000. Nilikwenda pale mara nne na karatasi zangu mkononi, mwisho mhasibu akahamishwa na deni likafa. Programu inapanga namba yenyewe wala hairudii. Kwangu hilo tu linatosha kuitumia.

Sasa, ankara zako zinalala wapi? WhatsApp unamtumia meneja, naye anaifungua akiwa njiani na wageni. Anayelipa ni mhasibu. Omba barua pepe ya mhasibu, umtumie ankara siku ileile unayokabidhi kazi. Zoho itakuonyesha kama ameifungua, na unaweza kuipanga imkumbushe muda ukipita. Usiandike "malipo ndani ya siku 14", maana kila mtu anaanza kuhesabu siku anayotaka. Andika tarehe yenyewe: mwisho wa malipo 20 Novemba. Chini yake weka akaunti ya benki na lipa namba.

Angalia pia mipangilio ya sarafu, isije ikawa dola. Najua Arusha tumezoea kutajiana bei kwa dola, lakini kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Kampuni zako tatu ziandikie kwa shilingi. Na kama hujasajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, futa mstari wa kodi, huna ruhusa ya kuitoza.

Usishtuke pia ukidai 600,000 ikaingia 570,000. Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, ambayo kampuni inakata na kuipeleka TRA kwa niaba yako. Dai hati yake kila mara. Ni fedha yako, inapunguza kodi yako ya mwaka, na wengi wanaiacha mezani kwa kutojua.

Mjerumani mwandikie kwa yuro. Benki yake itaomba IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa. Tanzania hatutumii IBAN, kwa hiyo eleza hivyo kwenye ankara yenyewe, kisha weka namba ya akaunti, jina lako kama lilivyo benki, jina la tawi na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako kimataifa. Kubalianeni mapema kwamba ada za kutuma analipa yeye.

Kuhusu TRA: ankara ni dai tu, haichukui nafasi ya risiti. Mauzo yako ya mwaka yakifika shilingi milioni 11 unatakiwa kutoa risiti ya EFD, ile ya kielektroniki ya TRA, kila unapolipwa, hata programu iwe nzuri namna gani. Mashine si lazima, siku hizi kuna mfumo wa kutoa risiti hizo kwa simu. Nenda na TIN yako ofisi ya TRA hapo Moshi wakuelekeze.

Zile ankara zinazodaiwa usizitupe. Ziingize kwenye programu na tarehe zake zilezile, kila moja na namba yake, halafu mpigie mhasibu asubuhi, kabla ya wiki ya mishahara.