Jibu: Mto Skykomish umejaa, niahirishe safari?

Ndugu yangu, umeuliza kama safari yako ya kuvua stilihedi (samaki aina ya trauti anayeenda baharini na kurudi mtoni kuzaa) Desemba hii imeharibika kwa kuwa mto huo wa jimbo la Washington, Marekani, umejaa na una rangi ya chai ya maziwa. Haijaharibika, subiri tu. Mvua ikikatika maji huanza kupungua, na yakishageuka kijani, ukasimama na kuyaona mawe yaliyo miguuni pako, nenda siku hiyo hiyo. Kipimo cha mto kipo mtandaoni, kiangalie kila asubuhi. Angalia pia matangazo ya idara ya samaki ya Washington, maana mto huweza kufungwa ghafla.

Maji yakiwa chini ya nyuzi 4 za Selsiasi samaki huzubaa na kukaa kwenye maji ya taratibu, pembeni mwa mkondo. Pitisha chambo polepole, karibu kiguse mawe. Barafu ikiganda kwenye vipete vya fimbo (vile vinavyopitisha uzi), chovya ncha majini. Usiibandue kwa kucha, mimi nilivunja kipete hivyo.

Ukimnasa, tazama mgongoni karibu na mkia. Akiwa na kile kipezi kidogo laini, huyo ni wa asili, si wa kufugwa: mfungue ndoana humo humo majini, usimwinue hata kwa picha. Tangu 2007 stilihedi wa Puget Sound, ghuba ambayo maji ya mto huu huishia, wamo kwenye orodha ya walio hatarini.