Aliyefungiwa kwa kuchiti akirudi, arudi na jina lake

Mwenye uzi anauliza wafanye nini na msee wa timu yao hapo Nakuru aliyefungiwa PUBG Mobile, ile gemu ya simu ya kupigana kwa bunduki, kwa kuchiti, saa hii amerudi na akaunti mpya na anataka kuingia mashindano yao ya wikendi, nusu ya grupu wanasema aende kabisa, nusu wanasema yaliyopita si ndwele. Mi nasimamia grupu ya hio gemu huku Kisumu, tunakutana kwa geming moja, yaani mahali pa kuchezea gemu, pale Kondele, na hii kesi imetufikia zaidi ya mara moja. Jibu langu ni arudi, lakini arudi akijulikana ni yeye.

Wacha nieleze juu hapo ndo watu hukosana. PUBG Mobile wakikushika na zile programu za kuchiti wanafungia akaunti miaka 10. Inasikika kali sana, lakini kwa simu akaunti nyingine ni dakika tu, unaweka Gmail mpya unaendelea na maisha. Kwa hivyo kampuni imefunga akaunti, mtu bado yuko. Sasa nyinyi mkitangaza kwamba mchiti harudi milele, mnadhani ataacha gemu? Atarudi tu, ila na jina ambalo hamlijui na mtamkaribisha wenyewe kwa mikono miwili. Huyo ndo wa kuogopwa, si huyu amekuja akasema jamani ni mimi yule.

Hata wakubwa wamelegeza. Valve, wenye gemu ya Counter-Strike, zamani ukipigwa VAC, yaani ile adhabu yao ya kufungia wachiti, basi mashindano yao makubwa usahau, mwaka 2021 wakabadilisha, miaka 5 ikipita unaweza kucheza bora hukufungiwa baada ya kuwa umeshacheza hayo mashindano yao. Lakini angalia, VAC yenyewe hawaifuti, akaunti inabaki na alama yake. Epic, wenye gemu ya Fortnite, nao walimfungia maisha YouTuber Jarvis 2019, kijana wa miaka 17, alijirekodi akitumia programu ya kulenga yenyewe, halafu 2025 wakasema kosa la kwanza sasa ni mwaka mmoja na la pili ndo maisha. Mi naona wako sawa kabisa. Kijana wa 17 kumwambia maisha ni kumwambia ajifiche.

Turudi kwa mmoja wetu wa hapa Kisumu aliyefungiwa hivyo hivyo. Wetu alichiti kwa mechi ya pesa, na hapo naomba msichanganye, kuchiti ukijichezea usiku peke yako na kuchiti pale watu wametuma kiingilio kwa M-Pesa ni vitu viwili. Kuna vijana hio mia ni pesa ya lanchi. Alipoomba kurudi tulimwambia mambo mawili. Kwanza arudishe pesa kwa timu alizozipiga akichiti, na alirudisha pole pole, leo hawa, mwisho wa mwezi wale, kila akituma anaweka meseji ya M-Pesa kwa grupu. Pili namba zake za mchezaji, ya zamani na ya sasa, zikae juu ya grupu pale kila anayeingia anaziona. Jina unaweza kubadilisha na kadi ya jina, lakini ile namba haibadiliki, ndo maana tunataka namba.

Sasa kazi ngumu ikawa sisi. Siku ya kwanza ameketi pale geming, simu anarekodi skrini, na bado watu watatu wamemsimamia nyuma ya shingo, hata kupumua hawezi. Mechi iko Erangel, moja ya ramani za gemu, kuna mtu amelala nyuma ya ukuta wa nyumba, yeye akageuka akarusha bomu likamuangukia huyo kichwani. Geming yote ikalipuka, omera ameanza tena! Tukachukua rekodi tukairudisha polepole, na kwa ile ramani ndogo ya juu kwenye kona alama za nyayo zinaonekana wazi kabisa, jamaa alikuwa anatembea nyuma ya ukuta kabla alale. Mtu yeyote mwenye spika za masikio angejua. Tangu hapo sheria ni moja, ukimshuku leta kipande cha rekodi kwa wasimamizi, huna rekodi nyamaza. Bila hio sheria mnamrudisha kwa mdomo tu, mtu hawezi kucheza akiitwa mwizi kila akiua, na akichoka ataenda kufungua akaunti nyingine, turudi palepale.

Mechi za pesa alikaa nje msimu mzima, akacheza zile za bure tu. Alinung'unika, tukamwacha anung'unike.

Mwenye simtaki hata akilia ni anayeuza hizo programu. Huyo anawapa watoto mafaili kutoka Telegram, mtoto anaingiza kwa simu ya mamake yenye M-Pesa, hajui ameweka nini ndani. Huyo kwetu harudi, na sioni aibu kusema.

Kwa huyo wenu wa Nakuru mpigieni leo, muulizeni namba zote mbili na kama wakati huo kulikuwa na pesa za watu. Akizitoa hizo namba mpeni mechi za bure wikendi hii, za pesa angoje msimu ujao. Akianza kuzunguka zunguka kuhusu ile namba ya zamani msimwingize.