Barafu inayowaka, wanaionaje bila kuchimba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi mvuvi wa Sahare hapa Tanga. Juzi kijiweni jamaa kasema chini ya bahari kuna barafu ukiiwashia kiberiti inawaka, na eti wanaigundua kwa sauti tu. Tumebishana mpaka chai imepoa. Kweli hiyo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo jamaa kasema kweli kabisa. Ni maji yaliyoganda yakaifungia ndani gesi ya methani, ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye gesi ya Songo Songo, ila inataka baridi na mgandamizo mkubwa, kwa hiyo pale mnapotupa nyavu haikai, mpaka ushuke kina cha mamia ya mita. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka inatoa gesi mita za ujazo kama 160!

Sasa sauti. Ile mashine ya kutafutia samaki inapiga sauti na kusikiliza mwangwi, si ndiyo? Na meli ya utafiti hivyohivyo, ila yenyewe inafyatua bunduki za hewa na inakokota kebo ndefu ya kilomita kadhaa imejaa vinasa sauti, mlio unapenya tope la chini na kila tabaka linarudisha mwangwi wake. Hapo ndipo penye utamu wenyewe, maana ukishuka chini ya sakafu ya bahari joto linapanda, ikifika mahali barafu haiwezi kukaa tena, na chini yake mara nyingi kuna gesi huru. Mpaka huo unaonekana kwenye picha inayochorwa kutokana na myangwi hiyo kama mstari unaofuata umbo la sakafu, hata ukikatiza matabaka ya mawe, na mwangwi wake unarudi umepinduka kwa sababu sauti imetoka kwenye kigumu ikaingia kwenye gesi. Wataalamu wanauita BSR, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kiakisi kinachoiga umbo la sakafu ya bahari.

Lakini jamani mstari sio kipimo cha wingi. Mwaka 1995 walichimba Blake Ridge, baharini mashariki ya Marekani, wakaikuta barafu hata pasipo na mstari. Ndiyo maana wanapima na kasi: majini sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, ndani ya barafu hii tupu inapita 3,000, kwa hiyo tope lililoshikwa na barafu linaipitisha sauti haraka kuliko tope la kawaida, na likiwa na gesi kasi inaporomoka. Mwambie jamaa yako mstari unaonyesha barafu inakoishia chini, kiasi chake kinatafutwa kwa kasi na kwa kuchimba.