Kima avukaye, ndege asiyevuka

Mwanangu,

Simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulikuwa umetoka msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, kima punju wamekaa kando ya njia wakikutazama bila wasiwasi, ukaniuliza: mnyama asiyemwogopa mtu atakuwaje hatarini? Na je, si yule ndege wa Milima ya Taita, kule Kenya, niliyekusimulia ndiye wa kuhurumiwa zaidi?

Kima huyo asili yake ni Unguja peke yake. Walipohesabiwa kisiwa kizima ilikadiriwa wako zaidi ya 5,800, idadi kubwa kuliko watu walivyodhani. Ni mjanja wa kuishi na watu. Anakula majani ya miti ya mikungu na miembe mashambani, yana kemikali zinazomsumbua tumboni, basi huenda akaokota kipande cha mkaa, akakaa nacho akikitafuna taratibu mpaka midomo ikawa myeusi. Mkaa unazinasa zile kemikali. Sisi tulimpa jina la punju, yaani sumu, kumbe dawa ya sumu anaijua yeye!

Lakini ujanja huohuo ndio unaomtoa msituni. Kutoka Jozani kwenda mashambani lazima avuke lami, na magari yameua wengi. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua, havikwisha.

Ndege wa Taita (wataalamu humwita Turdus helleri) shida yake ni kinyume. Kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, kifua cheusi, ubavuni mwekundu wa kutu. Hushinda chini kwenye kivuli akipekua majani makavu kutafuta wadudu, na matunda yakianguka huyala. Eneo la wazi halipendi kabisa. Msitu wa asili umekatwa ukabaki vipande juu ya vilele, na yeye amebaki hasa katika misitu ya Mbololo, Ngangao na Chawia. Kati ya vipande hivyo kuna mashamba ambayo kwake ni kama bahari, ingawa mabawa anayo. Chawia walikuwa makumi tu walipochunguzwa.

Ukinibana nichague, mimi namhofia ndege zaidi. Kima ukimpunguzia magari na kumwachia miti, atajitafutia njia. Ndege hawezi kuokolewa na tuta. Anataka miti ya asili ikue, na mti hauharakishwi.

Ukienda Taita usihangaike kutazama juu matawini. Simama kimya, inamisha kichwa, sikiliza majani yakichakurwa.

Mama yako